Ovakado ya mama

Leo asubuhi nimechimba chini ya ule mti wetu wa ovakado hapa nyumbani Tororo na mpaka sasa roho inaniuma.

Ni wa aina ya Hass, tuliupanda na mama 2021, yeye ndo alishika mche mimi nikajaza udongo. Tangu mvua zianze majani yamekuwa madogo, ya njano, yamelegea kama yana kiu, na mimi kila jioni nabeba jerikeni namwagia, kumbe nazidi kuumaliza.

Jirani mmoja mzee anayeuza miche akapita akaniambia, mwanangu acha maji, fukua uone mizizi.

Nikafukua kwa mkono tu. Ile mizizi myembamba inayonyonya chakula inatakiwa iwe myeupe. Yangu nyeusi, nikiigusa inakatika kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Nikabaki nimeishika tu kwenye kiganja.

Ni kuoza kwa mizizi, kile kimelea wanaita Phytophthora, kinapenda sana udongo uliotuama maji na kikishaingia shambani hakitoki. Kumbe mahali penyewe ndo maji yote ya paa yanamwagikia!

Basi nimeshinda nachimba mtaro yaende upande mwingine, nimetandaza majani makavu ila shinani nimeacha wazi, na jembe nimeliosha vizuri kabla sijagusa mche mwingine.

Jamani kuna aliyeokoa mti uliofika hapa? Ulipunguza matawi ama uliuacha? Niandikieni hapa chini, nasoma zote usiku huu.