Mradi wa Meaux: tailizi nne zimepona, sita zimepasuka

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki tatu ila sikulala. Kwa wageni: naishi Hull, huku kaskazini mashariki ya Uingereza, na nimejitwisha kazi ya kufinyanga kipande cha sakafu ya kanisa ambalo halipo tena. Pahala penyewe panaitwa Meaux, wenyeji wanatamka "Myuus", vinyumba vichache na mashamba, ukipita na baiskeli ukapiga chafya umeshapamaliza.

Jumapili nilienda. Nikaishia kuchungulia tu maana kuchimba ni marufuku, eneo linalindwa kisheria. Unachoona ni majani na vituta vituta, basi. Kwetu ukitaja abasia mtu anawaza Peramiho au Ndanda, kengele, karakana, watu kibao, hapa hata ukuta wa kuegemea hakuna.

Na ilikuwa abasia kweli, ya wamonaki wa Citeaux (shirika la Kikatoliki lililoanzia Ufaransa), ilianzishwa 1151. Bwana mkubwa mmoja, William le Gros, alikuwa na nadhiri ya kwenda kuhiji Yerusalemu, sasa umri umeenda na mwili ni mkubwa (hilo "le Gros" ndo unene wenyewe), mmonaki Adam wa abasia ya Fountains akamwambia wewe jenga abasia nadhiri yako itahesabika. Adam akaruhusiwa achague kiwanja, si akaenda kuchomeka fimbo palepale William alipopataka kwa ajili ya uwindaji wake! Adam akabembelezwa achague pengine, wapi.

Haya tunayajua kwa sababu abati wao mmoja, Thomas Burton, aliandika kila kitu, hadi umbea. Anasimulia fundi aliyechonga sanamu ya Yesu msalabani kwa kumtazama mtu aliye uchi, na akichonga Ijumaa tu, amefunga kwa mkate na maji. Wanawake wakaruhusiwa kuingia kuuona, kisha Burton analalamika kwamba walikuja kushangaa tu na gharama ya kuwakirimu ikawaelemea. Tauni ya 1349 ndo ilikuwa balaa, walibaki wamonaki 10 tu.

Mwaka 1539 Henry VIII akaifunga, mawe yakasombwa yakajenge ngome zake hapa Hull. Na huu mji wenyewe aliyeuuza kwa mfalme Edward I mwaka 1293 ni haohao wamonaki!

Sasa tailizi. Zile za karne ya 13 si za mraba, ni vipande vya maumbo tofauti vinavyopangwa kuwa duara kubwa, na walizichoma hukohuko, tanuri lilishafukuliwa North Grange, shamba lao. Unakata udongo ukiwa bado mbichi kwa kufuata kipande cha mfano, ila kisu unakilaza kidogo ili kwa chini pawe pembamba kuliko juu, hapo zikipangwa juu zinabanana na chini panabaki nafasi ya chokaa. Mimi nilikata wima, zikagoma kukaa, nikarudia zote. Unjano wa tailizi unatokana na tope jeupe unalopaka juu ya udongo mwekundu kabla ya ule mng'ao, wao walitumia risasi (ile metali), mimi natumia mng'ao usio na sumu.

Sita zimepasuka kwa haraka zangu, nilizikausha siku nne juu ya hita. Awamu hii nazifunika na gazeti, zikae wiki mbili, tanuri nimeshalipia.