Siku moja maishani mwangu: nyama, nyama, nyama!

Saa kumi na moja alfajiri, adhana inaniamsha. Chai ya rangi, mahamri mawili, mbaazi zilizobaki jana. Kisha nahesabu kadi zangu, ishirini na nne, nilizozikata kwenye katoni za sabuni.

Saa kumi na mbili na robo napanda feri kutoka kisiwa cha Mombasa kuelekea Likoni. Wengi saa hiyo wanakuja mjini, mimi naenda kinyume chao, kwa hiyo napata pembe ya kupitia kadi moja moja. Asubuhi yote ni vipindi vya Kiswahili. Tuyapite hayo.

Saa nane mchana, Kidato cha Tatu wananingoja chini ya mwarobaini. Mchezo wanaujua tangu utotoni: ikitajwa nyama ya ng'ombe unaruka na kuitikia "Nyama!", ikitajwa nyama ya paka unatulia. Mimi naita mambo ya wapenzi niliyoyaandika kwenye kadi. Jambo jema, ruka. Jambo la kuumiza, tulia. Na hapa hatolewi mtu, maana aliyeruka pasipofaa ndiye ninayemhitaji zaidi mchezoni.

"Ukisema hapana, anakuelewa!" Vumbi likatimka.

"Anakupiga kofi, jioni anakununulia viazi karai!" Kimya.

"Anataka neno la siri la simu yako kwa sababu anakupenda!"

Nusu yao wakaruka. Msichana mmoja aliinua visigino, vidole vikabaki mchangani, akawatazama wenzake kwanza. Nikasimamisha mchezo.

"Wivu ndio mapenzi, mwalimu," akasema mvulana wa nyuma.

"Na yeye akitaka yako, utampa?" msichana mwingine akamuuliza.

"Mimi ni mwanamume."

Mabishano yakachukua dakika ishirini, na sikuyakata. Waliposhikilia kwamba bila kipigo hakuna ukatili, nikawaambia hata sheria ya Kenya ya 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani haingoji kofi: inahesabu pia vitisho, kufuatwafuatwa na kubanwa kwa pesa.

Ningewahutubia, wote wangejibu sawasawa kama kwenye mtihani. Wakicheza, miguu inajibu kabla ya mdomo. Tena simuulizi mtu habari zake mbele ya wenzake. Anayetaka kusema anasema "yule wa kwenye kadi", na sote tunamheshimu hapo. Mwishoni naandika nambari za simu, 1195 ya ukatili wa kijinsia na 116 ya watoto, zote za bure, na kila mmoja ananakili daftarini. Wakinakili wote, haitajulikana nani anazihitaji.

Saa kumi nakusanya kadi. Yule mvulana wa nyuma amebaki, anafuta vumbi kiatuni.

"Mwalimu, na kama anayeshika simu ya mwenzake ni mimi?"

Nikakaa kwenye mzizi, naye akakaa. Nikamuuliza huwa anatafuta nini humo.

"Sijui. Nikikosa kitu ndiyo nazidi kuogopa."

Laini ya simu ya mpenzi wake anayo yeye, tangu wiki iliyopita. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kesho mrudishie, bila masharti. Alhamisi njoo tuzungumze hilo la kuogopa." Alikubali kwa kichwa. Kesho nitamwita huyo msichana wake peke yake, nisikie kwake.

Saa kumi na mbili jioni, kwenye feri ya kurudi, nakata kipande kingine cha katoni. Kadi ya ishirini na tano: "Ananipekua kwa sababu anaogopa." Nitaiita kwa Kidato cha Nne.