Mwibaji Apewe Jembe: Tafakari ya Waefeso 4:28

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Wengi tunahubiri "asiibe tena" tukaishia hapo. Hiyo kazi ataipata wapi, na ale nini kabla haijazaa?

Mtazameni James Ruse, mtu wa Cornwall, Uingereza, aliyekulia kwenye kilimo. Mwaka 1782 mahakama ya Bodmin ilimtia hatiani kwa kuvunja nyumba na kuiba. Akahukumiwa kupelekwa Afrika kwa miaka 7, lakini safari hiyo haikufanyika. Alikaa kama miaka 5 katika Dunkirk, meli kuukuu iliyogeuzwa gereza huko Plymouth. Mei 1787 msafara wa meli 11 ulipong'oa nanga kwenda Australia, naye alikuwamo.

Walifika Sydney Januari 1788. Februari 3, Jumapili, kasisi Richard Johnson aliwahubiria chini ya mti: "Nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" (Zaburi 116:12). Neno zito hilo kumwambia mfungwa aliyetupwa upande wa pili wa dunia!

Njaa haikukawia. Mbegu za ngano zilikuwa zimeharibiwa na joto la melini na fukusi, na wafungwa wengi walikuwa watu wa mjini wasiojua jembe. Kufikia Aprili 1790 posho ya mtu mzima kwa wiki ilikuwa unga kilo 1 na ushei, mchele usiofika kilo 1, na nyama ya nguruwe kiasi hicho hicho, iliyokaa kwenye chumvi zaidi ya miaka 3. Walichoma kipande kwenye uma, wakikinga kila tone la mafuta kwa mkate au wali.

Ruse alikuwa ameshadai, Julai 1789, kwamba kifungo chake kimekwisha. Hati za hukumu zilibaki Uingereza, hivyo hakuwa na ushahidi. Hata hivyo Novemba gavana wa koloni hilo, Arthur Phillip, alimpa ekari 1.5 zilizokwisha kufyekwa huko Parramatta, magharibi mwa Sydney, kibanda, mbegu, zana, nguruwe jike 2 na kuku 6. Alitaka kujua itamchukua mtu muda gani kujitegemea.

Ruse alichoma magogo, akafukia majivu, akalima kwa jembe la mkono takriban mita za mraba 200 kwa siku, hazidi sana hapo. Kwa mwendo huo ekari 1.5 ni kama siku 30. Shamba la serikali, alisema, lilikuwa limekwaruzwa tu juu juu. Yeye alivunja mabonge, akafukia nyasi na magugu, akaliacha lipigwe na jua na hewa, na karibu na kupanda akaligeuza tena lote. Mabua alikusudia kuyaozesha mashimoni yawe mbolea. Msaidizi aliyepewa aliondolewa baadaye, akabaki na mkewe, Elizabeth Parry, ambaye naye aliletwa huko kama mfungwa.

Lakini ardhi ile ilikuwa ya Waburramattagal, wenyeji wa hapo, na hakuna aliyewaomba. Ruse aliadhibiwa kwa mali ya nyumba moja. Waliotwaa nchi nzima hawakusimamishwa kizimbani. Anayesoma habari za shamba la Nabothi lililotwaliwa na mfalme Ahabu (1 Wafalme 21) hawezi kulipita jambo hili kimya.

Februari 1791 Ruse alitangaza kwamba hahitaji tena chakula cha ghala la serikali, na mwaka huo akamilikishwa ekari 30. Tangu alipopewa shamba ilikuwa imepita miezi 15, akila posho huku akilima. Nasi aliyetoka gerezani tunampokea kwa maombi, mfuko wa unga na nauli, kisha baada ya wiki 3 tunaulizana kwa nini amerudia yale yale. Wazee wa kanisa wanaopanga bajeti ya huduma ya magereza waweke miezi hiyo 15 mezani: shamba la kukodi au kibanda cha kazi, zana, mbegu, na chakula mpaka mavuno.