Kumbukumbu ya Punje: urojo umegoma, kahawa imekubali

Imekubali! Punje yuko barazani, kofia kichwani, kikombe cha kahawa ubavuni, kipande cha kashata mbele ya miguu yake, na nyuma yake uchochoro wa Mji Mkongwe unaonekana wazi mpaka pale unapokata kona. Picha moja, bonyezo moja, hakuna kilichounganishwa kwenye kompyuta. Nimeikuza picha hadi nyuzi za kofia zinahesabika, kisha nikahamia ukutani nyuma nikaona chokaa ilivyobanduka na jiwe la matumbawe linavyochungulia. Vyote viwili vimo. Nimefurahi mno.

Kwa asiyemjua, Punje ni mwanasesere wa mti mwenye urefu wa sentimita 4, na kazi yake ni kutembea Unguja na kula. Sharti langu kwake halijabadilika: mgeni akila, mtu aone anakula wapi. Sipendi picha za wanasesere ambazo nyuma yao ni ukungu wa rangi tu. Zinapendeza, nakubali, lakini ukungu ule ungeweza kuwa wa popote duniani. Sasa safari iko wapi hapo?

Picha iliyonitesa ni ya urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye bajia na kachori, katika bustani ya Forodhani. Niliipanga hivi: bakuli la urojo juu ya ukuta mfupi wa bustani, Punje ameinama ukingoni, na nyuma yake Ngome Kongwe yote, ile ngome ya Waomani waliyoijenga baada ya kuwatimua Wareno. Kwa macho, mandhari hiyo ni kamili. Kwa simu, ni vita. Ukilenga Punje, ngome inayeyuka. Ukilenga ngome, Punje anakuwa doa la kahawia. Na urojo wenyewe hausubiri. Mwanzoni uso wake ni kioo cha manjano, unaona anga ndani yake na bajia inavyoelea. Ukizubaa kidogo unapoa, unga unafanya utando juu, utando unakunjamana, na chipsi za muhogo zilizokuwa zimesimama kwa fahari zinalala chini. Hapo huna picha tena. Una chakula tu, na chakula nimekula kweli.

Halafu kuna mwanga. Pwani ile inatazama magharibi, kwa hiyo jua la alasiri linaipiga ngome usoni vizuri sana. Lakini wachuuzi wa Forodhani wanapanga meza jua likiwa linazama. Mwanga unapoaga ndipo chakula kinapofika. Nilijaribu kununua urojo mchana mitaani na kuubeba hadi bustanini kwenye chupa ya chai ili usipoe. Ulifika wa moto, lakini bajia na kachori zilikuwa zimelowa na kuvurugika, na kumpiga Punje picha mbele ya uji wa manjano ni kuuvunjia urojo heshima.

Ushauri niliopewa na kila mtu ni mmoja: piga mbili, moja umelenga mwanasesere na nyingine umelenga jengo, kisha ziunganishe. Nimefanya hivyo mpaka nimechoka. Tatizo ni kwamba lenzi inapohama kutoka karibu kwenda mbali, ukubwa wa picha nao unabadilika kidogo, hivyo kingo hazikutani. Kofia ya Punje ikawa na duara jeupe pembeni, kila mara, hata programu iwe nzuri vipi. Ukilifuta duara kwa mkono unakula nyuzi za kofia. Upepo wa bahari nao ukipita kati ya picha ya kwanza na ya pili, urojo umeshatikisika na mianga juu yake haifanani. Kuna wanaofanya kazi hiyo vizuri, nawapa heko, lakini kwa chakula chenye majimaji mbele ya bahari mimi nimeachana nayo.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu ya lenzi. Lenzi kuu ya simu yangu ina urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi kihisi cha picha inapolenga mbali) wa milimita 5 na kitu, na ile pana ina 2 hivi. Kwa umbali uleule na tundu lenye f ileile (namba ya uwazi wa lenzi), ukungu wa nyuma unafuata mraba wa urefu huo: punguza urefu nusu, ukungu unapungua mara 4. Kwa hiyo lenzi pana ikisogezwa karibu kabisa na Punje, mji unabaki nyuma yake ukiwa na sura yake. Simu yangu ina tabia ya kujibadilishia lenzi yenyewe inapoona kitu kidogo, nikaizima tabia hiyo kwenye mipangilio. Kisha nikaigeuza simu juu chini, lenzi zikawa chini kabisa zinagusana na jiwe, na hapo ndipo Punje anapoacha kuwa mdoli juu ya meza na kuwa mtu barabarani. Hilo la kugeuza simu nalisisitiza. Lina faida kuliko stendi yoyote niliyonunua.

Lakini lenzi pana ina bei yake: kila kilicho mbali kinasinyaa. Ngome Kongwe, ukuta mkubwa ule, ilitoka kama uzio wa kuku. Nikakaa nayo picha hiyo jioni nzima nikiitazama. Kumbe dawa ilikuwa kuachana na mandhari makubwa na kuingia ndani ya mji, kwenye vichochoro, ambako kuta zimekaribiana kiasi kwamba lenzi pana inajaa nyumba pande zote. Na kila nyumba ina baraza! Jukwaa la mawe, limetulia, liko kwenye kimo cha kiti, halina upepo, na mwanga unaoingia ni laini kwa sababu umeshagonga chokaa ya ukuta wa pili kabla haujamfikia Punje. Mchana wa jua kali, ambao bustanini ni balaa, mle ndani ni neema.

Nikahamia kwenye kahawa, pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe. Kahawa haifanyi utando kama urojo. Kikombe kile kidogo kisicho mkono kinampita Punje kofia, kwa hiyo ukubwa wake unaeleweka papo hapo bila kuelezwa. Tatizo la mwanzo lilikuwa mvuke kupanda kwenye lenzi, nikakihamisha kikombe nyuma kidogo ya bega lake. Mvuke unaoonekana kwenye picha unahitaji vitu viwili: giza nyuma yake na mwanga wa ubavuni. Giza nilipewa na mlango uliokuwa wazi upande wa pili.

Mzee aliyekuwa akicheza dhumna akaacha kete zake akanitazama.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Huyo mgeni wako hanywi?"

"Anakunywa mzee, ila kikombe kimemzidi."

"Basi mpe kashata kwanza. Kahawa chungu hainywewi hivi hivi."

Akamega yake mwenyewe akaiweka barazani. Nusu karanga iliyojitokeza kwenye kile kipande ilikuwa pana kuliko kifua cha Punje, na sukari iliyogandia juu yake ikashika mwanga wote wa uchochoro. Bila kashata ile picha ingekuwa nzuri. Ikiwepo, ndiyo picha ninayoisherehekea hapa.

Neno kuhusu vifaa. Chini ya miguu natumia nta ya nyuki kiasi cha punje ya mtama. Inashika na kutoka bila doa, ila juani inalegea na mgeni anaanza kuinama, basi weka tu kivulini. Brashi laini ya rangi za maji kwa kufuta vumbi, kwa sababu kwa karibu vile kila unyoya ni gogo. Taa ndogo za kubana kwenye simu sizitaki kabisa. Zinaua rangi ya bizari na kuifanya chokaa ya ukuta ionekane plastiki.

Kuna sehemu pia nimeziondoa kwenye ratiba ya Punje. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wakafa. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, nako naenda mwenyewe, mfuko umefungwa. Mwanasesere anayetabasamu hana kazi pale.

Kituo kilichofuata kilikuwa Darajani, soko la samaki, nimeshaandika hata saa ya kufika. Kimeahirishwa. Nikitoka Jaws Corner nilipita kwenye mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba, nikamshikilia Punje kando ya njumu moja: ncha yake ilianzia kiunoni mwake ikamfika kidevuni. Akipanda mlango ule ni mtu anayepanda mlima! Siwezi kumbandika, nta haitagusa mti wa mlango wa mtu, kwa hiyo natengeneza waya mwembamba unaosimama kizingitini na kumshika mgongoni. Kinachonisumbua sasa ni shaba yenyewe: imesuguliwa inang'aa, na kila njumu inaonyesha simu yangu ndani yake. Nitajaribu kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi. Mwenye nyumba amekubali, ila niwahi kabla watoto hawajaenda skuli, maana wakishatoka mlango unabaki wazi hadi adhuhuri.