Kuwasha helikopta ya pistoni: asubuhi ya baridi ni kitu kimoja, injini ya moto ni kesi nyingine

Abiria wawili wameshajifunga mikanda, hedseti masikioni, macho yote kwangu, na mimi nabonyeza stata mara ya tano na R44, helikopta ya pistoni ya Robinson, haiwaki. Nusu saa kabla ya hapo injini hiyo hiyo ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa, nimetua, nimezima, tumeshuka kunyoosha miguu, tumerudi, imegoma. Mara ya sita stata ikazunguka kivivu, ya saba ikawa ni tik-tik-tik tu, betri imeisha. Tuliondoka baadae sana kwa umeme wa kuazima, na kibaya zaidi ni kwamba mashine haikuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa mimi, nilikuwa naiwasha injini ya moto kama vile imelala usiku kucha.

Niseme tu kwamba mimi nimeanzia kwenye ndege za mabawa kabla ya kuhamia helikopta na nilikuja na tabia zangu zote. Mbaya kuliko zote ni ya kufungua throto (gesi) kidogo wakati wa kuwasha. Kwenye ndege ndogo ya kawaida haina shida sana, panga la mbele limefungwa moja kwa moja kwenye krenki (mhimili wa injini), ni zito, linakula nguvu, injini ikishika inapanda taratibu. Sasa Robinson ni tofauti, unawasha injini huku mikanda ya kupeleka nguvu kwenye rota imelegezwa, mapanga ya juu yamesimama kimya, stata inazungusha injini na ile feni ya kupoozea basi. Hakuna mzigo. Injini ikishika na throto iko wazi hata kidogo inaruka kama pikipiki iliyoachiwa klachi huku gesi imevutwa, mshale wa mizunguko unapita 100% kabla hujashtuka (kwa R22 hiyo 100% ni mizunguko 2,550 kwa dakika, R44 ni 2,665) na ukipitiliza kiwango cha kitabu hakuna cha samahani, fundi anaitwa na injini inaweza kwenda kufunguliwa. Na usidhani gavana (kifaa kinachoshikilia mizunguko chenyewe) itakuokoa, hiyo haifanyi kazi mpaka mizunguko ifike kama 80% na hata hivyo kwenye kuwasha inakuwa imezimwa.

Halafu kuna kitu wanafunzi wengi wanasahau, kolektivu na throto zimeunganishwa, ukiinua ule wenzo wa kushoto throto nayo inafunguka yenyewe. Kwa hiyo kabla sijagusa stata mkono wangu wa kushoto unahakikisha mambo mawili, kolektivu iko chini kabisa na imefungwa, na throto imefungwa mpaka mwisho. Mwalimu wangu alikuwa ananipiga kofi la kiganja kila nikisahau, kimzaha lakini liliuma.

Turudi kwenye baridi. Petroli haiwaki ikiwa ya maji maji, inawaka ikiwa mvuke umechanganyika na hewa, na kwenye baridi inakataa kugeuka mvuke, inanata tu kama matone kwenye kuta za bomba la kuingizia. Ndo maana unaongeza nyingi ili ile sehemu ndogo itakayogeuka mvuke itoshe kushika moto. Kwa zile za kabureta kama R22 na R44 Raven I unazungusha throto mara kadhaa, kila ukizungusha kuna kipampu kidogo ndani ya kabureta kinarusha petroli, halafu unaifunga ndo unabonyeza stata. Hapo kwenye "mara kadhaa" ndo watu wanaharibu. Kabureta iko chini ya injini, petroli usiyoihitaji haipandi juu, inamwagika kwenye boksi la hewa, injini ikipiga kinyume unakuwa na moto. Na likitokea hilo, kichwa kinakwambia acha kila kitu ukimbie, kumbe kitabu kinasema endelea kubonyeza stata, kwa sababu injini ikivuta inameza ule moto pamoja na petroli iliyomwagika. Ikikataa kabisa kuwaka ndo unafunga petroli, unazima swichi kuu, unatoka na kizimia moto. Sijawahi kufikwa na hilo na sina haraka ya kufikwa.

Baridi inakupiga na sehemu nyingine ambazo huzioni. Oili inakuwa nzito kama asali, betri inakosa nguvu, kwa hiyo injini inazunguka polepole na magneto (kinachotengeneza umeme wa plagi) nayo ikizungushwa polepole inatoa cheche hafifu. Injini za Lycoming, ndo zilizomo kwenye Robinson hizi, ziko na ujanja wa kuongeza nguvu ya cheche na kuichelewesha wakati wa kuwasha, maana cheche ikipiga nyuzi 20 au 25 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu kama inavyopiga injini ikiwa inakimbia, pistoni itasukumwa kurudi nyuma. Halafu kuna ile ya plagi kuganda, injini inashika sekunde mbili tatu, unafurahi, inakufa, halafu baada ya hapo hata uibembeleze vipi haiwaki. Kumbe ile kuwaka kidogo imetengeneza maji (petroli ikiungua inatoa maji, wengi hatufikirii hilo) na maji yameganda kwenye ncha za plagi, hapo dawa ni kuipasha injini moto au kuzitoa plagi uzikaushe, kubonyeza stata ni kumaliza betri tu.

Lycoming wenyewe kwa injini zao nyingi wanasema ikishuka chini ya nyuzi -12 za Selsiasi ipashe moto kwanza kabla ya kuwasha, na sio kupasha oili peke yake. Nyumba ya injini ni alumini na krenki ni chuma, alumini inasinyaa zaidi kwenye baridi, kwa hiyo zile nafasi ndogo za beringi ambazo oili inatakiwa ipite zinabana, sasa weka na oili nzito hapo. Injini inaweza kuwaka vizuri tu na wewe ukaona mambo safi, kumbe zile dakika za kwanza inajisaga.

Ikishawaka macho yangu yako kwenye presha ya oili, ndani ya sekunde 30 iwe imepanda, isipopanda nazima bila kujadiliana na mtu. Halafu swichi ya klachi, mota ndogo inaanza kukaza mikanda, mapanga yanatakiwa yaanze kuzunguka ndani ya sekunde 5, yakichelewa maana yake mikanda imelegea kuliko inavyotakiwa, unazima. Taa ya klachi inabaki inawaka muda mrefu tu mpaka mikanda ikaze sawasawa, na hapo asubuhi ya baridi nakaa tu kwenye 60 hadi 70% nasubiri mishale iingie kwenye kijani. Inaboa. Abiria wanauliza tunasubiri nini, nawaambia tunasubiri oili.

Sasa injini ya moto, hapa ndo aibu yangu ilipotokea. Unapozima, feni ya kupoozea inasimama, hewa haipiti tena, joto lote la silinda linapanda juu na kujaa ndani ya bodi. Yaani dakika chache baada ya kuzima mabomba ya petroli yanakuwa na joto kuliko yalivyokuwa angani. Kwenye R44 Raven II ambayo ni ya injekta (haina kabureta, petroli inapulizwa kwa mabomba) yale mabomba membamba yamepita juu ya injini kabisa, petroli inachemka humo ndani inakuwa mvuke, sa ukibonyeza stata silinda zinapata mapovu badala ya petroli. Inakohoa, inakufa. Wakati huo huo petroli nyingine imeshavujia kwenye silinda, kwa hiyo unaweza kuwa na injini yenye njaa na iliyolowa kwa wakati mmoja, na kwa sikio zote mbili zinafanana, hicho ndo kinachochanganya.

Mimi siku ile nilichofanya ni kupraimu (kuingiza petroli kabla ya kuwasha) kama asubuhi, sekunde nyingi, haikuwaka, nikaongeza, haikuwaka, nikaongeza. Niliilowesha kabisa. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa na bado nikaongeza, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Siku hizi ikiwa ya moto napraimu kifupi tu, pampu ya umeme isukume petroli ya baridi ipitie kwenye mabomba ifukuze mvuke, halafu miksha (ya kupima petroli inayochanganyika na hewa) nairudisha kwenye kukata kabisa, nabonyeza stata, ikishika ndo naisukuma miksha mbele taratibu. Unasikia kabisa inavyotaka kufa halafu inakubali. Za kabureta zikiwa za moto mara nyingi hazitaki kitu, zungusha throto ya nini, iache imefungwa ubonyeze tu.

Na ikilowa? Kwenye ndege za mabawa tulifundishwa miksha kata, throto fungua yote, zungusha mpaka hewa ikaushe silinda. Inafanya kazi na huku pia, ila kumbuka mapanga hayajaunganishwa, ikishika na throto iko wazi ni ile habari ya mshale niliyosema juu. Kwa hiyo mkono wa kushoto uko tayari kufunga sekunde ile ile unaposikia mlipuko wa kwanza, ukiwa mzembe hapo bora ushuke, fungua milango ya injini, subiri dakika 20 joto litoke na petroli ikauke yenyewe. Stata nayo inaungua, sekunde 10 hivi za kubonyeza halafu iache ipumzike, angalia kitabu cha mashine yako kinasemaje.

Kingine nilichobadilisha ni kuzima kwenyewe. Nikijua nitawasha tena muda si mrefu naelekeza pua kwenye upepo, naiacha kwenye mizunguko ya chini mpaka joto la silinda lishuke, ndo nafungua klachi mikanda ilegee, nasubiri sekunde 30, nakata miksha. Mapanga yakisimama nafungua vile vimilango vya pembeni vya injini. Wiki mbili baada ya ile aibu nilirudi pale pale na mmoja wa wale abiria, jua kali kuliko siku ile, kukaa kama dakika 40. Ikawaka mara ya pili. Ya kwanza nilisahau kurudisha funguo kwenye Both (magneto zote mbili) baada ya kupraimu, akacheka sana.