Nilivyoikabili dhoruba ya Oktoba peke yangu kwenye mtumbwi, Minnesota

Boundary Waters ni pori la maziwa kaskazini mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Yako maziwa zaidi ya 1,000, na boti za injini haziruhusiwi katika sehemu kubwa yake. Kuanzia Mei hadi Septemba vibali vya kulala hutolewa kwa mgao na hugombewa sana. Ikiingia Oktoba unajiandikia kibali mwenyewe bila malipo, kwa sababu wanaotaka kwenda wamebaki wachache. Baridi na upepo vimewafukuza. Mimi nilizaliwa Pemba, nikakulia kwenye mitumbwi ya wavuvi, na tangu nihamie Minneapolis nilikuwa na hamu ya kulala humo peke yangu msimu huo. Nimeandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa huku wanaoniuliza niliwezaje.

Kilichonishughulisha zaidi ni maji yenyewe. Kwetu mtumbwi ukipinduka unaushika, unaugeuza, unayakumba maji, safari inaendelea. Maziwa ya Minnesota mwishoni mwa Oktoba hayafiki nyuzi 10. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, hufundisha hesabu ya 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakuruka, na kazi yako ni kuituliza tu. Halafu una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Baada ya hapo itapita kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Aliye peke yake hana wa kumvuta katika zile dakika 10. Kwa hiyo niliazimia nisivuke maji mapana ila yakiwa yametulia, nikabeba na chakula cha ziada cha kungojea.

Niliingilia ziwa Sawbill, juu ya kijiji cha Tofte. Kutoka hapo unaubeba mtumbwi mabegani hadi ziwa Alton, kijia cha rodi 30. Rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu urefu wa mtumbwi, na ndicho kipimo cha ramani za huko mpaka leo. Mtumbwi wangu wa kukodi ulikuwa wa Kevlar, nyuzi nyepesi zilizo imara, kilo 19 hivi. Wepesi huo ni neema begani na ni taabu kwenye upepo, hasa kwa kuwa ulikuwa wa watu wawili. Ukikaa tezi, yaani nyuma, peke yako, omo ya mbele inanyanyuka na upepo unaizungusha unavyotaka. Nikafanya anavyofanya ami yangu kule Wete akiingia baharini bila mwenzake, nikatia farumi, uzito wa kuutuliza mtumbwi. Nilikikalia kiti cha mbele kinyumenyume ili nisogee katikati, na mbele ya magoti yangu nikaweka begi la chakula na mfuko wa maji wa lita 20. Mawimbi yakianza kuchafuka nashuka kitini, napiga magoti sakafuni, nakaza mwendo. Tofauti yake unaihisi kafi la kwanza tu.

Nguo za pamba niliziacha nyumbani zote, kwani zikilowa hazikupi joto tena. Nilivaa sufu, na juu yake koti la mvua na jaketi la kujiokolea, ambalo sikulivua hata mara moja nikiwa majini. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kilikaa mfukoni mwa jaketi hilo, maana mtumbwi ukikuponyoka unaondoka na mabegi. Mke wangu nilimwachia ramani yenye alama za kambi, na saa ambayo nikichelewa apige simu.

Siku ya kuingia upepo ulikuwa wa kusini, una uvuguvugu, jua linawaka. Watu wa Minnesota wazee huuogopa upepo huo katika msimu wa majani kupukutika. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilianza hivyo hivyo, wawinda bata wakaenda mitoni na mabwawani na nguo nyepesi, kisha upepo ukageuka wa kaskazini-magharibi na kuleta theluji. Watu 49 walikufa katika jimbo hili, karibu nusu yao wawindaji hao. Utabiri nilioutazama kabla sijaacha mtandao ulisema upepo ungegeuka usiku. Kwa hiyo, pamoja na uzuri wa jioni ile, nilitafuta kambi ya ufuo wa magharibi wa Alton, yenye msitu mzito nyuma yake, ili dhoruba ikija niwe demani, upande uliokingwa na upepo.

Kambi ya kwanza niliipita. Ilikuwa pazuri, lakini juu ya mahali pa hema ulisimama msonobari mkavu. Tarehe 4 Julai 1999 upepo uliangusha mamilioni ya miti katika pori hili kwa saa chache, kwa hiyo huko unatazama juu kabla ya kutazama chini. Kambi ya pili ilikuwa safi. Nilianza na turubai kabla ya hema, nikalifunga chini chini, mgongo wake kaskazini-magharibi, kamba zote nikazirudia. Halafu nikakusanya kuni. Matawi yaliyolowa ukiyapasua, moyo wake mara nyingi ni mkavu, na gome la mti wa birch ulioanguka hushika moto hata likiwa na maji.

Upepo uligeuka usiku wa manane. Mvua ikaja ya ubavuni, alfajiri ikawa theluji ya maji, na ziwa lote likawa jeupe kwa mapovu. Sikuondoka siku ile, wala iliyofuata. Kuzuiwa na upepo ni kazi pia, mtu asidhani ni kulala tu. Kila nilipotoka nilikaza kamba, nikautazama mtumbwi niliokuwa nimeufunga kifudifudi kwenye miti miwili, nikapasua kuni za usiku.

Usiku ndio mtihani mkubwa kwa sisi tuliozoea saa kumi na mbili za giza. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na hadi saa moja asubuhi bado kiza. Sala zilinigawia muda huo. Nachemsha maji ya udhu, naswali Magharibi chini ya turubai. Kibla cha Minnesota ni kaskazini-mashariki, hivyo upepo ulinipiga shavu la kushoto kila niliposimama. Baada ya Isha nakunywa uji wa tangawizi na kula dagaa wakavu, ambao wanafaa sana kwa kuwa makopo hayaruhusiwi humo. Vyote vyenye harufu vilirudi kwenye pipa lisilofunguliwa na dubu, mbali na hema. Mwisho najaza maji ya moto kwenye chupa, naiviringisha soksi, naiweka mapajani ndani ya mfuko wa kulalia. Nguo za kulalia zilikuwa seti moja isiyotoka nje ya hema kamwe. Kwa hayo nililala, tena vizuri.

Siku ya kutoka niliamka kiza bado, nikasikiliza. Miti ilikuwa imenyamaza. Upepo wa huko, baada ya dhoruba, mara nyingi hulala alfajiri na kuamka jua likipanda, kwa hiyo niliswali, nikavunja kambi kwa taa ya kichwani, na mwanga ulipotosheleza kuona ng'ambo nikawa majini. Nilifuata ufuo hadi mahali pembamba, nikavuka kwa magoti bila kupumzisha kafi. Nilipofika kwenye kijia cha Sawbill, katikati ya ziwa palishaanza kuchanika mawimbi madogo meupe. Nikaubeba mtumbwi juu ya theluji, na kwenye gari nikamtumia mke wangu ujumbe kwamba nimetoka salama na kwamba mwakani, akikubali, tutaenda wote wawili mpaka ziwa Beth.