Nilivyotembea Taksim usiku siku tatu na kurudi salama na hela yangu

Wabongo tunaenda sana Istanbul kufuata mzigo ila wengi tunaishia Laleli madukani, tunafunga mabalo, tunasubiri ndege, basi. Mi safari hii kazi ilipoisha nikajiongezea siku tatu niuone mji, na kitu nilichokitaka hasa ni ile barabara ya İstiklal usiku, ile inayoanzia uwanja wa Taksim, ndefu kama kilomita moja na nusu hivi haipitishi magari, katikati inapita treni ndogo nyekundu ya zamani, na watu wamejaa utadhani Kariakoo siku ya kuamkia Idi.

Kuna mama mmoja wa Tanga anashughulika na kago pale Laleli, nilipomwambia akaweka kalamu chini. "Mwanangu, Taksim kuzuri, nenda. Lakini mtu akikuanza yeye na maneno matamu, usiende anakokwenda. Na ukirudi niandikie, hata iwe saa ngapi." Nikamwambia sawa mama.

Dola zote na kadi ya benki nikaziacha hotelini kwenye sefu, nikabeba lira za kutosha usiku mmoja tu, nusu mfuko wa mbele wa suruali, nusu kwenye kipochi cha shingoni ndani ya shati pamoja na pasi. Risepsheni nikachukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kituruki. Njia ya kurudi niliipanga kabla sijatoka, maana metro ya M2, ile treni ya chini ya ardhi, ukipandia Vezneciler, hapo jirani na Laleli, kituo cha tatu ndo Taksim, ila siku za kawaida inafungwa kwenye saa sita usiku, inakesha Ijumaa na Jumamosi tu. Nikaweka alamu saa tano na robo.

Usiku wa kwanza mbele yangu anatembea mzee na boksi la kung'arishia viatu, brashi ikadondoka, yeye anaenda tu. Aisee mkono unataka kabisa kuiokota, ndo tulivyolelewa. Lakini mama alishaniambia, ukiiokota atakushukuru mpaka akae chini akupige kiwi kwa lazima halafu anataja bei. Nikapita. Kugeuka nikamwona anairudia mwenyewe.

Usiku wa pili ndo wenyewe. Nimesimama kwenye mkokoteni wa kestane, zile njugu kubwa wanazochoma kwenye makaa, akaja jamaa kavaa vizuri, kaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akapiga makofi, "Samatta! Fenerbahçe!" Ndugu zangu, uko peke yako nchi ya watu halafu mtu anamtaja Samatta wetu aliyewahi kuchezea Fenerbahçe, timu ya hapo Istanbul, moyo unafunguka wenyewe. Tukaongea kama dakika kumi, akasema na yeye mgeni tu kaja kikazi, anajua sehemu nzuri ya muziki hapo nyuma, twende tukanywe kitu. Nikasema sinywi pombe, akasema hata chai. Mchezo wa matapeli wa pale uko hivi, mnaingia baa, wanakuja wasichana wanakaa mezani, vinywaji vinaagizwa hujui na nani, mwisho inaletwa bili ya maelfu ya lira na mlangoni wamesimama mabaunsa, wengine wanasindikizwa hadi ATM. Mi sikutaka kumvunjia heshima maana pengine kweli ni mtu mwema, kwahiyo nikamwambia chai sawa, tena nalipa mi, ila tunakunywa pale, nikamwonyesha mgahawa wa wazi wenye familia na watoto. Akaangalia pale, akaangalia saa, akasema kuna rafiki anamsubiri. Hakuniaga hata kwa mkono.

Ilinigusa kweli, kwa sababu yale maongezi niliyafurahia. Polisi İstiklal wapo wengi na silaha zao, na ukikumbuka lile bomu la Novemba 2022 lililoua watu 6 palepale unaelewa kwanini, lakini polisi hawezi kukukinga na mtu unayeondoka naye kwa hiari yako mkiwa mnacheka.

Usiku wa tatu nilikosea. Kuna vijana walikuwa wanapiga muziki barabarani, nimezama, alamu sikuisikia kwa zile kelele, kufika metro geti limeshushwa. Teksi ya kwanza nikamwambia taksimetre, yaani awashe mita, dereva akatikisa kichwa akanionyesha bei kwa vidole. Ya pili hivyohivyo. Kwenye ramani naona kuna njia ya kukatiza upande wa Tarlabaşı, ila vichochoro vile ni giza na nilishaambiwa nisivipite usiku, nikaona bora niombe msaada kwenye mwanga. Nikaingia hoteli kubwa iliyo karibu, mi sio mteja wao, nikamsalimia kijana wa risepsheni nikamwonyesha ile kadi ya hoteli yangu, nikamwomba aniitie teksi. Akapiga simu, gari ilipofika akatoka nje akaongea na dereva, nikaipiga picha namba ya gari. Nikakaa nyuma, mita inasoma, ramani nimeifungua kwenye simu naangalia tunakopita. Kulipa nikazishika noti za 200 juu moja moja azione, kila moja nikasema kwa sauti "iki yüz", yaani mia mbili kwa Kituruki, maana kuna wanaobadilisha noti haraka wakakwambia umetoa ndogo. Huyu alinirudishia chenji yangu yote, na akaniaga vizuri tu.

Nilifika chumbani saa saba kasoro, nikamwandikia mama wasap, nimefika salama. Tiki za bluu zikatokea hapohapo. "Haya, lala sasa mwanangu, na mie nilale."